Wiki Niliyofundisha Neno la Kujificha

Walimu wa idara ya Kiingereza wameniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau majina ya wanafunzi wangu. Nadhani wanategemea mambo ya kuchekesha, na nitajaribu. Lakini mjue mapema kwamba mimi ni mtu mwoga, na mwoga akikumbuka kazi yake hukumbuka zaidi yale yaliyomtetemesha. Kupanda daraja sitasema, mshahara sitasema. Hayo yapo kwenye faili na faili halinihusu tena. Siku hizi nakaa Nyamisangura, ng'ambo ya duka la vipuri vya baiskeli, na kengele ya shule ya jirani ikigongwa mkono wangu bado unatafuta chaki mfukoni.

Nilizaliwa Ringwani, na nyumbani tulisema Kingoreme. Kiswahili nilikikuta shuleni. Kiingereza nilikikuta baadaye, kwa mwalimu aliyekuwa na fimbo, na kwa muda mrefu sikuweza kuvitenganisha viwili hivyo. Jinsi nilivyoishia kuwa mwalimu wa somo hilo hilo ni jambo ambalo hata mama yangu hakulielewa. Aliniuliza kama hapakuwa na somo lingine lililobaki.

Siku yangu ya kwanza darasani, katika shule moja ya wilaya ya Serengeti, niliandika tarehe ubaoni, nikaifuta, nikaiandika tena, kwa sababu sikujua nigeuke saa ngapi. Nyuma yangu walikaa vijana sitini, baadhi yao wenye ndevu kunizidi. Nilipogeuka niliwasalimu kwa Kiingereza, wakajibu kwa sauti moja, na baada ya hapo nikagundua kwamba sina sentensi ya pili. Nikawaambia wafungue kitabu. Msichana wa mbele akaniambia kwa upole kwamba kitabu ni kimoja tu, na ninacho mimi.

Aliyeniokoa alikuwa Mwalimu Nyangi, mkuu wa idara, mama mfupi mwenye sauti ya chini ambaye darasa lilinyamaza ili limsikie. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye dawati lililovunjika mguu, akinitazama. Baada ya kipindi sikutaka kumpita mlangoni, lakini mlango ulikuwa mmoja. Akaniambia, "Wambura, unakiogopa Kiingereza. Na wao wanakiogopa. Mmoja wenu inabidi aache." Nilimwahidi nitaacha. Sikuacha, ila nilijifunza kuogopa bila kuonekana, na nusu ya ualimu ni hiyo.

Yeye ndiye aliyenifundisha namna ya kufundisha vile vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili, ambavyo wanafunzi wetu huviogopa kuliko hesabu. Gari likiharibika njiani wanasema "break down", na kule kuharibika kwenyewe, likiwa jina, wanakuita "breakdown". Mwalimu Nyangi aligawa ubao sehemu tatu kwa rula ndefu ya mti. Katikati aliandika kitenzi na jina lake. Kushoto aliandika maneno mengine yenye maana ya jirani, na hakuyaweka mengi, kwa sababu alisema mtoto akipewa visawe kumi hubaki na kimoja, tena kile kibaya. Kulia aliacha wazi kwa ajili ya matumizi ya kila siku, na hapo hakuandika yeye. Alimpa mwanafunzi chaki.

Niwapeni ushauri mdogo hapa, kwa kuwa nimestaafu na hamwezi kunizuia. Simameni karibu na dirisha, si karibu na meza. Aliye kwenye meza haoni madaftari ya nyuma. Kamusi isikae ofisini. Ya kwangu ilikaa darasani mpaka jalada likang'oka, nikalishona kwa uzi wa viatu, na wanafunzi waliipenda zaidi baada ya hapo. Na mkisahihisha madaftari sitini, msianzie juu ya rundo kila siku. Wa chini hupata hasira yenu yote.

Mwalimu Nyangi alipostaafu nilibaki na sehemu zake tatu za ubao, na kwa kiburi cha ujana nikaongeza jambo langu. Nilichoka kusahihisha sentensi zilizonakiliwa vitabuni, watu ambao hakuna aliyewajua wakifanya mambo ambayo hakuna aliyeyaona. Nikaweka sheria kwamba sentensi iwe ya kweli. Iwe ilitokea kwenu, na wewe uwe uliiona. Mwanzoni walicheka, halafu wakaanza kuandika. Kijana mmoja aliandika kwamba basi dogo la kwenda Nyamwaga huharibika kila Jumanne mahali pale pale, na bibi yake anaamini dereva ana mchumba hapo. Sarufi ilikuwa mbovu lakini neno lilikaa sawasawa, na najua hakulisahau.

Ili wasiogope kuandika ya nyumbani niliwapa ahadi. Niliwaambia daftari ni la watu wawili, mimi na mwenyewe, na hakuna wa tatu. Niliisema ahadi hiyo kila mwanzo wa mwaka, mkono kifuani, na niliipenda. Wakati huo huo nilikuwa na desturi nyingine niliyoipenda pia, ya Sentensi ya Wiki. Kila Ijumaa jioni nilichagua iliyo bora, nikainakili kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya walimu. Jina la mwandishi sikuliweka, ila kidato na mkondo. Kwa kuwa jina halikuwepo, sikuona kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa nyumba moja. Niliishi nayo miaka mingi nikijisifu kwa yote mawili.

Gundi ilikuwa uji wa muhogo aliotupikia mpishi wa shule. Ukishakauka, hata upepo wa masika haunyanyui karatasi.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilihamishiwa wilaya ya Tarime, shule moja ya kata upande wa Nyamwaga. Shule yenyewe siitaji. Ilijengwa karibu na mto, na mto huo ulikuwa mpaka wa koo mbili ambazo nazo sitazitaja, kwa sababu watoto wao wote walikuwa wanangu na kwa sababu bado ninaishi mkoa huu. Ugomvi wao ulikuwa wa shamba la bondeni. Kwa kawaida ulilala miaka kadhaa, kisha mtu akalima hatua mbili kupita mahali alipolima mwaka uliotangulia, na yowe la kuitana vitani likapigwa.

Mwaka ninaousema, yowe lilipigwa asubuhi ya siku ya soko. Tuliona moshi kutoka madarasani. Nyumba zilichomwa pande zote mbili, watu wakajeruhiwa kwa mishale na mapanga, na vijana wakashika daraja ili asivuke mtu. Askari walikuja wakapiga kambi uwanjani kwetu, wakafua nguo zao kwenye bomba letu, na kwa siku kadhaa pakatulia utulivu ule wa watu kusubiriana. Wanafunzi wa ng'ambo hawakuja. Wa upande huu walikuja, lakini simu zilikuwa zinalia majumbani tangu alfajiri, na mtoto yeyote aliyesikia kelele barabarani aliacha kuandika akatazama mlango. Mimi nami nilitazama mlango. Mara mbili nilipoteza mstari katikati ya sentensi na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Katika hali hiyo mkuu wa shule alitutaka tuendelee na vipindi kama kawaida. Nikafungua mpango wa kazi, nikaona neno linalofuata kwa kidato cha tatu ni "hide out", yaani kujificha mahali kwa muda, na jina lake "hideout", maficho. Nikagawa ubao sehemu tatu. Kushoto nikaandika "refuge", mahali pa kukimbilia, na "den", pango la mnyama au la wezi. Kulia nikaacha wazi. Nikawaambia waandike sentensi tano za kweli na kunikabidhi Ijumaa.

Ninyi mnaosoma mmeshashtuka. Mimi sikushtuka. Mwalimu wa lugha huliona neno, haoni wiki. Watu walikuwa wamejificha vichakani, makanisani, kwa wakwe zao, kila nyumba ilikuwa na jambo la kuficha, na mimi nikawaambia watoto wa nyumba hizo waniandikie maficho, tena ya kweli. Nimejiuliza mara nyingi kama kulikuwa na ubaya wowote moyoni mwangu, umbea hata kidogo. Sikuuona. Nilichokuta ni mazoea tu, na mazoea yamenitisha zaidi.

Ijumaa nilisahihisha peke yangu ofisini. Wengi walikuwa wameandika juu ya panya na kuku. Kisha nikafika kwenye daftari la Bhoke, msichana mkimya wa mkondo wa B, mwenye mwandiko wa kuinama kushoto. Aliandika kwa Kiingereza safi kwamba mjomba wake anajificha katika kihenge chao cha zamani cha mahindi, kile cha fito kilicho nyuma ya migomba. Kwamba kihenge kimefunikwa turubai la lori. Kwamba mama yake humpelekea chakula ndani ya ndoo ya maji, na kwamba maficho hayo yananuka tumbaku, na mjomba akikohoa mama huimba ili watu wasisikie.

Nilisoma mara mbili. Sijui niwaambieje jinsi nilivyofurahi. Kitenzi kilikuwa mahali pake, jina mahali pake, na ile ya mama kuimba nilitamani ningeiandika mimi. Nilidhani anakumbuka jambo la zamani, au sikudhani kitu. Nilichukua manila, nikanakili yote kwa herufi kubwa, nikaandika chini Kidato cha Tatu B, nikabandika kwa uji wa muhogo, nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatatu kulikuwa na mkutano wa wazazi saa nne, ulioitishwa na mkuu wa shule pamoja na mwenyekiti wa kijiji, kuzungumzia usalama wa watoto njiani. Saa tatu na nusu Bhoke alinikuta nje ya darasa. Hakunisalimu, na kwa mtoto wa kule kutomsalimu mwalimu wake si jambo dogo. Alikuwa ameshika sketi kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema, "ulisema daftari ni letu wawili."

Nikamuuliza nini kimetokea. Akaniambia kwa Kiswahili kile alichoniandikia kwa Kiingereza, ila sasa nilisikia. Mjomba wake, mdogo wa mama yake, fundi cherehani wa ng'ambo ya mto, alikuja kumsalimu dada yake siku ya soko. Yowe likapigwa akiwa upande usio wake, na daraja likashikwa. Vijana wa huku walikuwa wanasema yeye ni mmoja wa waliochoma nyumba. Mama alimwingiza kwenye kihenge siku hiyo hiyo. Baba hakuambiwa, kwa sababu baba alishinda bondeni na wanaume wenzake wakilinda mpaka, na baba akijua ingembidi achague. Bhoke alikuwa amebeba siri hiyo siku kumi na moja. Aliniandikia mimi kwa sababu ilikuwa lazima amwambie mtu, na kwa sababu kwao hakuwahi kumwona yeyote akishika kitabu cha Kiingereza.

Nikaenda kwenye ubao wa matangazo, taratibu, maana wazazi walikuwa wameanza kuingia na mwalimu anayekimbia huvuta macho. Nikashika pembe ya karatasi. Haikutoka. Muhogo ulikuwa umekauka ukawa mfupa. Nikakwangua kwa rula, kikatoka kipande cha juu, upana wa vidole viwili. Mzazi mmoja akanipa shikamoo kwa nyuma, nikaitikia bila kugeuka. Nikakwangua tena. Jasho lilikuwa linaingia machoni.

Nilikuwa nimefikia katikati niliposikia mtu amesimama karibu yangu, anapumua kwa pua. Nikageuka. Alikuwa Mzee Marwa, baba yake Bhoke.

Mzee huyo, kabla hajarudi kulima, alikuwa amefanya kazi Kenya miaka mingi, karani wa kupima majani ya chai. Hilo nililijua. Kila mtu alilijua, maana Kiswahili chake kilikuwa bado kina ladha ya huko. Nilichokuwa sijafikiri, na binti yake pia alikuwa hajafikiri, ni kwamba karani wa chai wa huko huandika na kusoma Kiingereza kutwa nzima. Alikuwa anasoma kilichobaki. Midomo yake ilikuwa inasogea. Kidole chake kilipita kwenye mstari wa turubai, kikasimama.

"Hii Kiingereza ni ya nani, mwalimu?"

"Ni mfano, mzee. Wa kitabuni."

"Hiyo kitabu inajua turubai yangu," akasema.

Alikuwa na rungu mkononi, lile la kutembelea, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha bondeni. Nilimfikiria yule mtu ndani ya kihenge akizuia kikohozi, nikamfikiria mama anayeimba, nikaona kwamba nimewaua wote wawili kwa kalamu nene. Mzee akaniuliza kama kuna mwingine aliyesoma. Nikasema sijui. Akaniambia nilete maji.

Nilileta kikombe kutoka meza ya wageni. Mzee Marwa alichovya kiganja, akaulowesha ubao, akasubiri, akabandua kilichobaki kwa ukucha, polepole na kwa unadhifu. Alifanya mpira mdogo wa karatasi, akautia mfuko wa koti, akaenda kukaa kiti cha mbele.

Mkutano ulianza kwa sala. Mkuu wa shule alisema maneno yake kuhusu watoto kutembea kwa makundi. Kisha mwenyekiti wa kijiji akasimama. Alisema vijana wana habari kwamba kuna mtu wa ng'ambo bado yuko upande huu, amefichwa, na kwamba aliyemficha ajitokeze mwenyewe mbele ya wazee kabla vijana hawajaanza kupekua nyumba kwa nyumba. Bhoke na wenzake walikuwa wanagawa uji kwa wazazi, naye alibaki amesimama na jagi katikati ya safu.

Mzee Marwa akanyanyua rungu kuomba nafasi. Nilifumba macho. Ninasema kweli, nilifumba macho mbele ya wazazi wote.

"Mimi nina neno fupi tu," akasema. "Kihenge changu cha zamani, hiyo iko nyuma ya migomba, nabomoa kesho asubuhi saa tatu. Mchwa wameimaliza. Mwenye anataka nguzo ama fito aje, tusaidiane."

Watu waligeuka kumtazama. Mzee mmoja akamuuliza ni nani anayebomoa kihenge wakati wa vita. Akajibu kwamba mahindi yako karibu kuvunwa, vita iwepo isiwepo, na lazima ajenge kipya cha kuyaweka. Wachache wakacheka, vijana wawili waliokuwa mlangoni wakasema wao watakuja, wanataka nguzo. Akawaambia karibuni. Akakaa.

Bhoke aliweka jagi mezani. Akanijia, akaniambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba anaumwa tumbo, anaomba ruhusa aende nyumbani. Nikampa. Nilimtazama akivuka uwanja, na sikujua baba yake amefanya nini. Labda alikuwa amempa mkewe siku moja ya kumtoa ndugu yake. Labda alikuwa amewaita vijana wazunguke kihenge kikiwa na mtu ndani. Maneno yalikuwa yale yale kwa yote mawili. Nilitamani kumfuata nimuulize, na miguu ikakataa, na nikaacha ikatae.

Siku iliyofuata sikwenda. Nilikuwa na kipindi na kidato cha kwanza, nikawapa zoezi la kunakili, nikasimama dirishani nikisikiliza upande wa migomba. Kiti cha Bhoke kule kidato cha tatu kilikuwa kitupu. Saa tatu ilianza sauti ya shoka kwenye nguzo. Nilisubiri yowe. Zikaja sauti za wanaume, kisha kitu kikubwa kikaanguka, kisha kicheko, kisha shoka tena. Kijana mmoja wa mbele aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia anakili kwa mwandiko mzuri.

Kihenge kilikuwa kitupu. Waliokuwepo walisema walikuta magunzi na harufu ya tumbaku, na Mzee Marwa aliwaambia ni yake, siku hizi anavutia huko kwa sababu mama watoto hapendi moshi. Wakachukua nguzo zao wakaenda. Nilipoambiwa hivyo na mpishi wa shule nilikaa kwenye mfuko wa mahindi jikoni kwake nikalia kidogo, na yeye akadhani nimefiwa.

Mchana habari nyingine ikafika. Yule mjomba alikuwa ametoka alfajiri, akateremka kuvuka mto mahali penye mawe, mbali na daraja, na vijana wa huku waliokuwa wakilinda wakamwona akiwa majini. Alifika ng'ambo. Lakini alifika na mkono wa kulia uliokatwa panga, na vidole vitatu havikurudi kufanya kazi. Alikuwa fundi cherehani, kama nilivyosema. Nusu ya sare za shule yetu alizishona yeye.

Wazee wa koo mbili walipatana siku nne baadaye, wakala pamoja, daraja likafunguliwa.

Mzee Marwa alikuja shuleni mwisho wa muhula kuchukua ripoti ya binti yake. Nilimpa shikamoo ingawa tulikaribiana umri, nikamvutia kiti. Hakukaa. Nikaanza kumwomba radhi, nikachanganyikiwa katikati, nikamwambia kwamba angalau hakujua mpaka siku ile, na kwamba mimi ndiye niliyemjulisha.

"Nilijua siku ya tatu," akasema. "Mwanamke haimbi saa saba mchana na jua lote lile. Na ndoo ya maji haitoki kisimani ikienda migombani."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini hakumtoa mapema, au kwa nini hakumwacha tu.

"Nilikuwa nimemwacha. Nyumbani kwangu kulikuwa na jambo nilikuwa silijui, mwalimu, na nilikazana sana nisilijue. Mke wangu alikuwa anakazana, mtoto anakazana, na mimi. Wazee walikuwa wanaongea tayari. Siku tano tu, shemeji yangu angetoka kwa njia na mkono wake mzima. Sasa wewe ukaniandikia kwa ukuta. Mwanaume akisoma kitu mbele ya mwingine, hawezi sema hajui." Akakunja ripoti, akaitia katika mfuko ule ule wa koti. "Huyu mtoto umfundishe Kiingereza, aendelee. Ya nyumbani kwangu uache."

Alinishukuru kwa ripoti, akaenda. Nilikaa na mikono juu ya meza mpaka kengele ikagongwa. Nimetishwa na wakaguzi, na wanafunzi wenye ndevu, na mishale, lakini sijawahi kuogopa nilivyoogopa nilipoelewa kwamba watu watatu walikuwa wamemlinda mtu kwa kunyamaza, na mimi nilikuwa nimetoa alama kumi kwa aliyevunja ukimya huo. Sentensi ya Wiki niliiacha siku hiyo. Nikafuta pia ile sheria ya ukweli, nikawaambia waandike chochote, mradi kitenzi kikae mahali pake.

Bhoke alirudi darasani na kukaa kiti chake. Alinipa shikamoo kila asubuhi, wala hakunikosea heshima hata mara moja. Mwaka uliofuata wote, kidato cha nne, alikabidhi madaftari kwa wakati, na mwandiko wake ulikuwa ule ule wa kuinama kushoto. Kila kitenzi nilichofundisha alikitumia sawasawa. Aliandika juu ya mfalme aliyepanda farasi, juu ya mwanamke aliyesafiri kwa ndege, juu ya mtoto aliyecheza kwenye theluji. Nilitafuta mle ndani mgomba mmoja, kuku mmoja, mama yake, na sikuona. Hakukuwa na kosa la sarufi hata moja. Nilimpa alama zote, nikaandika chini "vizuri sana" kwa wino mwekundu, naye akapokea daftari kwa mikono miwili akasema ahsante, mwalimu.